Akili hupiga hesabu, hisia hutia uzito

"Weka hisia pembeni, tumia akili." Ushauri huu hupewa anayetaka kuoa, anayetaka kuacha kazi, anayenunua kiwanja, hata mpiga kura. Anayeutoa anaamini kwamba ndani ya mtu kuna wawili wanaogombana, akili iliyotulia na moyo uliochemka, na kwamba uamuzi mzuri hupatikana wa pili akinyamazishwa. Imani hiyo ni ya kale. Plato aliiandika kwa mfano wa mwendesha gari anayehangaika na farasi wawili, mmoja mtiifu na mwingine mkaidi. David Hume, mwaka 1739, aliipindua kabisa: akili, alisema, ni mtumwa wa hisia na haipaswi kuwa kitu kingine.

Ubishi huo ungeweza kubaki wa wanafalsafa kama wasingepatikana wagonjwa ambao hisia zao ziliwekwa pembeni kwelikweli, kwa jeraha au kwa kisu cha daktari. Kama ushauri wetu ungekuwa sahihi, watu hao wangekuwa na busara kutushinda sote. Haikuwa hivyo.

Mgonjwa aliyebaki na akili tupu

Anayetajwa kwanza kila mara ni Phineas Gage, msimamizi wa vibarua wa reli huko Vermont, Marekani. Tarehe 13 Septemba 1848 baruti ililipuka na kurusha mtaimbo wa kilo 6, wenye urefu wa zaidi ya mita 1, ukaingia chini ya shavu lake la kushoto na kutokea utosini. Aliishi miaka 11 na zaidi baada ya hapo. Habari zake zimetiwa chumvi nyingi. Simulizi za baadaye humfanya mzururaji asiyefaa kwa lolote, ilhali kwa miaka kadhaa aliendesha magari ya abiria ya kukokotwa na farasi nchini Chile, kazi isiyowezekana kwa mtu asiyejimudu. Kwa swali letu, Gage ni shahidi dhaifu.

Ushahidi wa maana zaidi ulitoka kwa Antonio Damasio, daktari wa mfumo wa fahamu aliyefanya kazi miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Iowa. Mgonjwa wake mmoja, aliyempa jina la bandia Elliot, alikuwa mume, baba na mfanyakazi wa kutegemewa mpaka alipoota uvimbe kwenye utando wa ubongo, juu kidogo ya macho. Uvimbe ulitolewa pamoja na sehemu ya ubongo wa mbele iliyokwisha kuharibika. Vipimo vilivyofuata havikuona kasoro. Kumbukumbu ilikuwa nzuri, hesabu nzuri, lugha nzuri, na hata maswali ya maadili aliyajibu sawasawa. Lakini kazini aliweza kupoteza saa nyingi akitafakari nyaraka zipangwe kwa tarehe, kwa ukubwa au kwa mada. Akaachishwa kazi. Akaingia ubia na mtu mwenye sifa mbaya, akafilisika. Ndoa ikavunjika, akaoa tena, nayo ikavunjika. Yote hayo aliyasimulia bila uchungu wala haya.

Mgonjwa mwingine wa Damasio mwenye jeraha la aina hiyo aliendesha gari hospitalini siku ambayo barabara ilikuwa na barafu. Mbele yake mwanamke mmoja aliteleza, akashikwa na hofu, akakanyaga breki kwa nguvu na kuishia mtaroni. Yeye alipita hapohapo bila wasiwasi, akifuata kanuni za kuendesha kwenye barafu. Kesho yake aliulizwa achague kati ya tarehe mbili za kurudi kliniki, zilizopishana siku chache tu. Kwa karibu nusu saa alichambua kila tarehe: shughuli nyingine alizokuwa nazo, hali ya hewa itakavyokuwa, na mengine mengi. Mwishowe Damasio alimwambia aje tarehe ya pili. Akajibu kwamba ni sawa, akaondoka.

Tukio la barabarani linaonyesha faida ya kukosa hofu, na la kalenda linaonyesha hasara yake. Kuorodhesha faida na madhara ni kazi ya akili, na akili ya mtu yule iliifanya vizuri mno. Alichokosa ni kitu cha kumwambia kuwa tofauti ya tarehe hizo haina maana na kwamba kuendelea kuijadili kunachosha. Kwamba jambo hili ni kubwa na lile ni dogo hakupatikani kwa hesabu. Hesabu inahitaji uzito uwe umeshatiwa, na anayeutia ni hisia.

Mafungu manne ya karata

Mwaka 1994 Antoine Bechara, Damasio na wenzao walichapisha jaribio lililotafuta jambo hilohilo maabara. Mchezaji anakopeshwa dola 2,000 za bandia na kuwekewa mafungu manne ya karata: A, B, C na D. Kila karata ya A au B inampa dola 100, na kila karata ya C au D inampa dola 50. Baadhi ya karata zina faini. Katika kila karata 10 za A au B faini hufika dola 1,250, hivyo mwenye kuzifunua anapata 1,000 na kubaki na hasara ya 250. Katika 10 za C au D faini ni dola 250 tu, hivyo anabaki na faida ya 250. Mchezaji haelezwi lolote kati ya hayo, wala hajui kuwa mchezo utaisha kwenye karata ya 100.

Watu wenye afya huanza kwa kukimbilia A na B, kisha taratibu huhamia C na D. Wagonjwa wenye jeraha la sehemu ya chini ya ubongo wa mbele hawahami. Mwaka 1997 watafiti hao walieleza walichopima kwenye ngozi ya mkono, kwa umeme mdogo unaoonyesha mabadiliko ya jasho. Baada ya karata kama 10, watu wenye afya walianza kutoa jasho jepesi kabla ya kugusa mafungu mabaya, wakati ambapo kwa maneno yao bado hawakujua lipi baya. Wagonjwa hawakutoa jasho hilo la tahadhari.

Habari hizo zilienea haraka zikiwa na tafsiri tamu kwamba mwili hujua kabla ya akili. Mwaka 2004 watafiti Maia na McClelland walirudia mchezo huo wakiuliza maswali ya kina zaidi, wakakuta wachezaji wengi waliweza kutaja mafungu mazuri mapema kuliko ilivyodhaniwa. Kwa hiyo dai la mwili kutangulia limeyumba. Lililobaki imara, na kwa maoni yangu ndilo zito zaidi, ni kwamba baadhi ya wagonjwa waliweza kueleza vizuri kabisa mafungu yapi ni mabaya, na bado waliendelea kuyafunua. Walijua, lakini kujua hakukuwa na uzito wa kuzuia mkono.

Ukisimama hapo utaondoka na ushauri mbaya kama ule wa mwanzo, yaani "sikiliza moyo wako". Jaribio la mwaka 2005 la mtafiti Baba Shiv (Baba ni jina lake) pamoja na watu walewale wa Iowa linazuia hilo. Safari hii mchezaji alikuwa na dola 20 na raundi 20. Kila raundi aliamua abaki na dola 1 au aiwekeze. Akiwekeza, sarafu inarushwa, na upande mmoja anaipoteza, upande wa pili anapewa dola 2.50. Wastani wa kuwekeza ni dola 1.25 kwa kila dola 1, kwa hiyo hesabu inasema wekeza kila raundi. Watu wenye afya waliwekeza takriban asilimia 58 ya raundi, na walizidi kujitoa kila walipotoka kupoteza. Wagonjwa 15 wenye majeraha kwenye sehemu za ubongo zinazohusika na hisia waliwekeza takriban asilimia 84. Walimaliza na karibu dola 26 kwa wastani, wenzao karibu 23.

Ni majeraha yanayokaribiana, na kikundi kilekile cha watafiti. Hofu iliyowaokoa wenye afya kwenye karata iliwatia hasara kwenye sarafu.

Hisia ilijifunzia wapi?

Tofauti imo ndani ya michezo yenyewe. Katika karata, faini ya jana ni habari ya kweli juu ya fungu hilohilo kesho. Ukiumizwa na A mara tatu, A ni mbaya kweli. Katika sarafu, kupoteza raundi ya sita hakusemi lolote juu ya raundi ya saba. Hisia haina njia ya kutambua hilo. Inaweka kumbukumbu ya maumivu na raha, kisha inaitumia popote panapofanana na pale ilipoipata. Tena maumivu huyaandika kwa kalamu nene zaidi: wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky, katika kazi zao za mwaka 1979 na 1992, walionyesha kuwa hasara huuma takriban mara mbili ya furaha ya faida ya kiasi kilekile.

Kwa hiyo swali la "moyo au akili" halina jibu kwa sababu limekaa vibaya. La kuuliza ni kama hisia hii ilijifunzia mahali penye mpangilio unaojirudia, panapotoa majibu ya haraka na ya kweli. Kahneman na Gary Klein, waliokuwa wakipingana kwa miaka juu ya thamani ya hisia za wataalamu, walifikia kigezo hicho pamoja mwaka 2009. Muuguzi wa watoto wachanga anayesema "huyu mtoto simwelewi" kabla kipimo hakijasema, na zimamoto anayetoa watu wake ndani ya nyumba muda mfupi kabla sakafu haijaanguka, wamejifunza mahali pa namna hiyo. Anayetabiri bei ya hisa au siasa za miaka kumi ijayo hajapata nafasi hiyo, hata awe msomi namna gani, maana majibu humfikia kwa kuchelewa na yamechanganyika na bahati.

Tumia kigezo hicho kwa mnunuzi wa kiwanja. Fundi wa magari husikia injini mbovu mara elfu na kila mara huifungua akaona kilichokuwemo, hivyo hisia yake ni ya kuaminiwa. Mtu wa kawaida hununua kiwanja mara moja au mbili maishani, na jibu huja baada ya miaka, siku mwenye shamba wa pili anapotokea na hati yake. Moyo wake ukimwambia "hapa pazuri", umeongea bila kusomea. Dalali aliyesimama naye anauza kila wiki. Hisia yake juu ya mteja aliyekwisha kulainika ni kali sana, na inamtumikia yeye mwenyewe.

Hofu nayo huweza kufundishwa na picha badala ya uzoefu. Baada ya tarehe 11 Septemba 2001 Wamarekani wengi waliacha ndege wakasafiri kwa magari. Gerd Gigerenzer, mwanasaikolojia wa Ujerumani, alipiga hesabu kwamba katika miezi 12 iliyofuata watu takriban 1,500 zaidi ya kawaida walikufa barabarani. Idadi hiyo ni zaidi ya mara tano ya waliokuwa ndani ya ndege nne zilizotekwa.

Hisia ya jambo jingine

Kuna kosa la pili, na hili ni gumu zaidi kulinasa: hisia iliyozaliwa kwingine kuingia kwenye uamuzi usioihusu. Umegombana na mtu asubuhi, mchana unajadili bei ya bati. Jennifer Lerner na Dacher Keltner walionyesha mwaka 2001 kwamba hata kusema "hisia mbaya" kwa jumla hakutoshi. Mwenye hofu huona hatari kila mahali na hukwepa. Mwenye hasira huona hatari ni ndogo na hujitosa. Zote mbili ni chungu, lakini zinasukuma pande tofauti. Huzuni ina njia yake tena, na familia nyingi huuza mali ya marehemu kabla hata arobaini haijafika, kwa bei ambayo wasingeikubali miezi sita baadaye.

Hapa onyo moja. Mtandaoni husambaa sana habari za majaji wa Israel, katika utafiti wa mwaka 2011, ambao eti maombi ya wafungwa waliyoyakubali yalishuka kutoka asilimia 65 hadi karibu sifuri kadiri walivyosogelea saa ya kula. Wakosoaji walionyesha mwaka huohuo kwamba mpangilio wa kesi haukuwa wa kubahatisha, na kwamba wafungwa wasio na mawakili waliwekwa kuelekea mwisho wa kila kipindi. Njaa inaweza kuwa na mchango, lakini si kwa ukubwa huo. Usiujenge uamuzi wako juu ya utafiti huo.

Dawa ya hisia iliyopotea njia ni kuitaja chanzo chake kwa jina, tena kwa maandishi: "Nina hasira na bosi, jambo hili ni la bati." Haiondoki, lakini huacha kujifanya habari juu ya bati. Chanzo kisipopatikana, ahirisha kwa usiku mmoja.

Saa ya kuamua

Kosa la tatu linahusu wakati. Anayeamua akiwa ameshiba huamini atakuwa vilevile akiwa na njaa. Utafiti mzuri wa hili ulifanyika magharibi mwa Kenya, upande wa Busia, na Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson, ukachapishwa mwaka 2011. Wakulima walijua mbolea inalipa na walisema watainunua. Msimu wa kupanda ulipofika, fedha za mavuno zilikuwa zimekwisha. Watafiti hawakuongeza semina. Waliwafuata wakulima mara tu baada ya mavuno, fedha zikiwa mkononi, wakawauzia mbolea ya msimu ujao na kuahidi kuwapelekea nyumbani bure. Matumizi ya mbolea yaliongezeka. Punguzo la nusu ya bei lililotolewa baadaye, msimu ukiwa umeanza, lilileta ongezeko linalokaribiana na hilo, kwa gharama kubwa zaidi. Akili ya mkulima ilikuwa sahihi tangu mwanzo. Kilichokosekana ni kuipa nafasi ya kuamua saa ambayo haijabanwa.

Mkopo wa simu ni kinyume cha mbolea ile, maana umetengenezwa upatikane saa ya kubanwa. Chukua ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30. Kwa shilingi 10,000 ni 750, kiasi ambacho mtu mwenye shida usiku hakioni. Ukilipa na kukopa tena kila mwezi kwa mwaka mzima, ada peke yake ni 9,000, na shida ya shilingi 10,000 iko palepale.

Mezani, kwa kalamu

Mwaka 1772 Benjamin Franklin alimwandikia rafiki yake Joseph Priestley, aliyekuwa akisita kukubali kazi mpya, akimweleza njia yake. Gawa karatasi kwa mstari katikati, upande mmoja sababu za kukubali, mwingine za kukataa. Usiandike zote kwa kikao kimoja. Ongeza kadiri zinavyokujia kwa siku 3 au 4, kwa sababu sababu tofauti hutokea katika hali tofauti za moyo. Kisha futa zinazolingana: moja kwa moja, au mbili dhidi ya tatu, mpaka ionekane upande uliobaki na kitu. Wengi huifahamu karatasi na kusahau siku. Siku ndizo zenye kazi, kwani ndizo zinazopitisha orodha mbele ya hasira, hofu na furaha kwa zamu.

Njia hii huharibika kwa namna mbili. Ya kwanza ni kuhesabu mistari badala ya kuipima, hapo sababu saba ndogo zinaishinda moja kubwa. Ya pili ni kuandika orodha ukiwa umeshaamua. Utaitambua kwa upande mmoja wenye sentensi ndefu na mwingine wenye maneno mawili mawili. Nami ningeongeza jambo ambalo Franklin hakulitaja: andika hisia zenyewe kama mistari, pamoja na chanzo chake. "Naogopa, kwa sababu muuzaji hajataka nionane na majirani wa mipaka" ni mstari mzito. "Naogopa, kwa sababu binamu aliwahi kutapeliwa mji mwingine" ni mwepesi. "Nina haraka, kwa sababu dalali amesema kuna mteja mwingine mchana" ufutwe kabisa.

Kwa kiwanja, bei ya mwisho na masharti viandikwe nyumbani, siku moja kabla ya kwenda: kiasi usichovuka, upekuzi wa hati kwa Msajili, mazungumzo na majirani wa pande zote na serikali ya mtaa, na hakuna malipo ya awali kabla ya hayo. Ukifika pale na kupapenda, upendo huo una haki ya kuchagua kati ya viwanja viwili vilivyopita masharti. Hauna haki ya kulegeza sharti.

Kisha geuza maneno. Mwaka 1981 Tversky na Kahneman waliwauliza watu juu ya ugonjwa utakaoua 600. Mpango ulipoelezwa kuwa "utaokoa 200" kwa hakika, asilimia 72 waliuchagua badala ya mpango wa pili wa kubahatisha. Ulipoelezwa kuwa "400 watakufa", ni asilimia 22 tu. Hesabu ni ileile. Kila chaguo liandike mara mbili, kwa lugha ya kupata na kwa lugha ya kukosa. Likipendeza kwa lugha moja tu, bado hujaamua.

Gary Klein ana zoezi linaloipa hofu kazi halali. Jione mwaka mmoja mbele, mpango umeshindwa vibaya, na andika kwa dakika 10 kwa nini umeshindwa. Usiulize kama utashindwa, kwa sababu aliyekwisha kupenda jambo atajibu hapana.

Si kila uamuzi unastahili karatasi. Mwaka 1993 Timothy Wilson na wenzake waliwapa wanafunzi picha za ukutani wachague. Waliotakiwa kueleza sababu kwanza walikuja kuridhika kidogo, wiki chache baadaye, kuliko waliochagua tu. Kitambaa, pazia, jina la mtoto: hapo thamani yenyewe ni hisia, na sababu unazoweza kuzitamka si lazima ziwe ndizo zitakazokufurahisha.

Kwa maamuzi makubwa weka daftari. Siku ya kuamua andika tarehe, ulichochagua, unachotarajia kitokee, uhakika wako kwa asilimia, na hisia uliyokuwa nayo pamoja na chanzo chake. Fungua baada ya miezi 6, uandike kilichotokea kabla hujasoma ulichotarajia, maana kumbukumbu hupenda kujisahihisha. Yakifika maamuzi kama kumi, soma safu ya hisia peke yake. Huenda ikaonekana kuwa wasiwasi wako juu ya watu huwa wa kweli na wasiwasi wako juu ya bei huwa wa bure. Basi kwenye orodha inayofuata wa kwanza ufute sababu mbili za upande wa pili, na wa pili usifute hata moja.